Saluni ya Mbuzi Isiyokuwepo

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mimi niliinama. Cha mvunguni kikanitazama, kikaendelea kutafuna.

Alikuwa mbuzi.

Sikuwa ndotoni na sikuwa na homa. Asubuhi ya intavyuu niliyoisubiri kuliko watu wanavyosubiri harusi, nilipiga magoti kutafuta kiatu cha pili chini ya kitanda changu, nikakutana uso kwa uso na beberu mweupe, msafi kama shuka la hoteli, amevaa tai nyekundu.

Tai! Tena imefungwa vizuri kuliko za wanaume wengi ninaowajua.

Na mdomoni mwake, ikiingia taratibu kama karatasi kwenye printa, ilikuwa stashahada yangu ya usanifu wa michoro.

"Shangaziiii!"

Beberu akameza muhuri wa chuo. Akanikodolea macho kama mtu anayeuliza, hii ndiyo mliyokuwa mnaisomea?

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkadhani nimerukwa na akili.

Mimi nimesomea grafiki. Hiyo kazi hata ukoo wangu hauielewi. Siku nilipohitimu, mama alitangaza kwa majirani kwamba mwanawe sasa ni fundi wa kompyuta. Kesho yake wakaniletea redio mbovu na pasi.

Kazi yangu ni kukifanya kitu kionekane. Bango, nembo, kasha la sabuni. Ukipita barabarani umeshiba, ukaona tangazo la chakula, ukajikuta unameza mate, ujue kuna mtu kama mimi amekuroga kwa rangi.

Sasa ajira, jamani.

Kila ofisi niliyobisha hodi waliniuliza swali lile lile.

"Una uzoefu?"

"Ndiyo kwanza nimetoka chuo."

"Nenda kautafute uzoefu, halafu uje."

"Nikautafute wapi?"

"Kazini."

Hapo mtu unajibu nini? Ni kama kuambiwa uoge kwanza ndipo upewe maji.

Wakati huo nilikuwa naishi kwa shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba. Shangazi ni mkunga mstaafu. Mikono yake imepokea nusu ya mtaa, na hamwachi mtu asahau. "Wewe ulitanguliza matako," aliwahi kumwambia mgombea mmoja katikati ya mkutano wa kampeni. Yule bwana alishindwa uchaguzi.

Tangu astaafu, alikuwa anaumwa ugonjwa wa kukosa kazi. Anapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Anampapasa tumbo paka wa jirani ampe tarehe ya kujifungua, na paka mwenyewe dume.

Mama naye subira ilikuwa imemwisha. Yeye na kaka yake, yaani mjomba wangu, walishakaa kikao bila mimi. Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi. Wakaamua: mwezi ukiisha sijapata kazi niliyoisomea, naenda dukani kupima misumari.

"Misumari haina matatizo," mjomba aliniambia kwa upole. "Haiulizi uzoefu."

Mjomba nampenda. Lakini lile duka nalijua. Mtu huingia kusaidia kidogo tu, akazeekea humo. Yule wa kaunta ya rangi aliingia akisubiri matokeo ya mtihani. Sasa ana wajukuu.

Kwa hiyo mkiniona nahangaika, mjue nilikuwa naikimbiza roho yangu.

Chuoni mwalimu wetu alikuwa na msemo: huna mteja, buni mteja. Ndiyo desturi yetu wasanifu wapya. Tunatengeneza matangazo ya kampuni zisizokuwepo, tunayapanga kwenye jalada, mwajiri anayaona na kuupima mkono wetu. Kila mhitimu ana benki yake ya kufikirika na maji yake ya chupa ya kufikirika.

Na mimi nilikuwa nayo. Benki, maji, yote. Lakini nilitaka kitu kimoja ambacho mwajiri akikiona, hatanisahau hata akioga.

Nikabuni saluni ya mbuzi.

Acheni nijisifu, maana nikingoja kusifiwa nitaota ukungu. Lile bango lilikuwa balaa. Beberu mmoja mwenye ndevu za kifalme, anatazama pembeni kama waziri kwenye picha rasmi. Chini yake: Kuosha. Kuchana ndevu. Kung'arisha kwato. Na kaulimbiu, kwa herufi nilizozichora mwenyewe: NDEVU ZAKE, HESHIMA YAKO.

Ikabaki namba ya simu.

Ukiweka sifuri tupu, tangazo linakufa, kila mtu anajua ni la uongo. Ukibuni namba, utamletea simu mtu wa watu asiye na hatia. Nikaweka ninayoijua kwa kichwa, ya shangazi. Na mahali nikaandika: nyuma ya kituo cha mafuta, geti la bluu.

Geti letu.

Nikajiambia, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayempeleka mbuzi saluni.

Kumbe dunia imejaa watu wengine, na wengi wao wanafuga.

Nikalitupia lile bango kwenye kundi la familia: "Kazi yangu mpya, mnaionaje?" Binamu wakacheka. Mama akaandika, "Mungu akutangulie." Mjomba hakuandika kitu.

Mjomba hajibu. Mjomba anasambaza.

Kitu kikiingia kwenye simu yake, kiwe dawa ya mgongo, kiwe onyo la mwisho wa dunia, hakilali. Akalisukuma bango langu kwa wafugaji wote wanaonunua nyaya na mabati kwake, na juu akaongeza maneno yake: "Hii ni ya mtoto wetu. Anafanya kazi safi. Muungeni mkono."

Muungeni mkono!

Mimi sina habari. Nilichoona tu ni kwamba simu ya shangazi imeanza kuita, na yeye akipokea, anatoka nje. Anacheka. Anajishika kiuno. Nikasema, heri, shangazi amepata mchumba.

Mpaka siku nilipokuwa bafuni nikamsikia kupitia kidirisha.

"Mlete tu asubuhi... Anapiga mateke? Aah, nimeshika wengi wanaopiga mateke, huyo hanitishi... Ana ndevu? Ndefu kiasi gani?... Msimburute jamani, aje kwa hiari yake."

Sabuni ikaniingia machoni. Nikajua shangazi amerudia ukunga, tena wa kificho. Ila huyo mjamzito mwenye ndevu alinichanganya.

Sikumuuliza. Nilikuwa na langu. Kampuni moja ya matangazo, ile yenye mlango wa kioo, ilikuwa imeniita kwenye intavyuu. Ndiyo kampuni pekee iliyowahi kunipa miadi, na mwezi ulikuwa unayoyoma.

Sasa ndiyo tumefika asubuhi ile, mimi nimepiga magoti, beberu anameza muhuri.

Nikachomoka mpaka uani.

Lilikuwa kongamano. Mbuzi wamepangwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, kila mmoja na mfugaji wake, na hao wafugaji wanasalimiana na kuulizana hali kama wagonjwa kliniki. Katikati yao shangazi, amevaa gauni lake la ukunga na glavu, amemkumbatia mbuzi jike ndani ya beseni langu la kufulia.

"Pumua, mama," anamwambia. "Pumua. Sabuni haiumi."

"Shangazi! Ni nini hiki?"

"Salamu kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Nipe hilo taulo."

"Kuna mbuzi chini ya kitanda changu anakula cheti changu!"

"Yule mwenye tai? Yule tumemaliza naye. Anakauka."

"Chumbani kwangu?"

"Kwako kuna feni."

Mzee mmoja mwenye kofia pana akasogea, uso umejaa aibu. Tangu siku hiyo namwita Bwana Kofia.

"Huyo ni wangu, binti. Nisamehe. Amekula cheti cha nini?"

"Stashahada!"

"Ya nini?"

"Ya usanifu wa michoro."

Akavuta pumzi ya faraja. "Afadhali. Nilidhani ni kitu cha kumdhuru."

"Na tai je? Mbuzi anavaa tai?"

"Tunajiandaa na maonyesho ya mifugo. Safari iliyopita waamuzi walisema ana umbo, ila hana mvuto."

Nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapaza sauti.

"Wazee wangu, mama zangu, nisikilizeni! Hii saluni haipo! Nimeibuni mimi, kichwani! Ni mfano tu wa kazi! Haipo!"

Wakanigeukia wote. Hata mbuzi.

Shangazi akasimama polepole, povu limempanda mpaka mabegani, maji yanamchuruzika viwikoni.

"Haipo vipi," akauliza, "na mimi nimelowa?"

Nikashuka kwenye ndoo.

Kwenye cheti kilibaki jina la chuo na nusu ya jina langu. Kiatu nilikikuta kimelaliwa, kina joto. Nikakivaa hivyo hivyo, nikakimbia.

Mkurugenzi wa ile kampuni alikuwa bwana wa makamo aliyevaa miwani minene, myeusi, ya kisasa. Nikawa naistahi mpaka alipojikuna jicho, kidole kikapita katikati. Haikuwa na vioo! Fremu tupu! Basi moyoni nikambatiza Bosi Fremu.

Akanusa hewa. "Unasikia harufu?"

"Harufu gani, bosi?"

"Kama zizi."

"Labda kiyoyozi."

Akachukua stashahada yangu kwa ncha za vidole. "Hii imeliwa?"

"Imepitia mengi."

Akafungua jalada. Mimi nimekaa, kiatu nimekificha chini ya kiti.

"Benki hii iko wapi?"

"Ni ya mfano."

"Haya maji?"

"Ya mfano."

"Kwa hiyo mteja wa kweli huna hata mmoja."

"Bosi, ndivyo tunavyoanza sote..."

"Sisi tunaajiri watu wanaofanya kazi, si wanaoota ndoto." Akafunua ukurasa wa mwisho. Akamwona beberu. Akacheka mpaka fremu ikamwanguka puani. "Aa-aa! Hii sasa imepitiliza! Saluni ya mbuzi! Hivi nyie chuoni mnavuta nini?"

Kuna kitu kikanipanda kutoka kwenye kisigino chenye joto la mbuzi.

"Huyo yupo," nikasema. "Piga hiyo namba."

Na nilikuwa nasema kweli. Kuanzia asubuhi ile, ilikuwa kweli.

Akapiga. Akaweka spika, ili aibu inienee vizuri.

"Haloo mama, habari za kazi? Hapa ni ofisi ya mkurugenzi."

Nikafumba macho. Hilo neno ofisi asingelitaja.

"Ofisi ya nani?" Sauti ya shangazi imeshakuwa nyembamba. "Wewe ni serikali?"

"Hapana mama, nathibitisha tu. Hapo ni saluni ya mbuzi?"

"Saluni gani? Hapa ni nyumbani kwa mtu."

Nyuma yake: "Meeee!"

"Mama, nasikia mbuzi."

"Ni mjukuu. Ana mafua."

Bosi Fremu akaniangalia. Mimi nikaangalia zulia.

"Mama, nina msichana hapa mbele yangu. Anasema yeye ndiye aliyekutengenezea tangazo."

Mimi shangazi namjua. Kwetu, mtu wa ofisini akiulizia mtoto wa nyumba, hata kama mtoto yuko mapajani kwako, jibu ni moja.

"Msichana gani? Simjui. Mimi sijawahi kuwa na msichana yeyote. Na kama huyo msichana amesema ananijua, msimpige, ana matatizo ya kichwa. Mwachieni aende zake."

Akakata.

Bosi Fremu akaegemea kiti. "Kwa hiyo hata mteja wa mbuzi umemwiba."

"Ni shangazi yangu!"

"Amesema hakujui."

"Alikuwa ananilinda!"

"Akulinde na nini? Na kazi?"

Nilitoka na machozi yamenifikia kidevuni. Kwa jinsi nilivyolizoa jalada kwa pupa, lile bango la mbuzi lilibaki mezani kwake. Sikurudi kulichukua. Ningerudije?

Nyumbani, shangazi alinipokea kama mwanajeshi aliyeshinda vita.

"Umepona!" akanikumbatia na glavu zake. "Wamepiga simu watu wa manispaa, wanakutafuta. Nimekukana, mwanangu! Nimekukana mpaka nikajishangaa!"

Nikakaa kwenye ndoo. Nikamweleza.

Alivyoelewa, alivua glavu moja, akavua ya pili, akakaa kwenye ndoo ya pembeni. Tukawatazama mbuzi.

"Kwani yule bwana," akasema hatimaye, "asingeweza kuwa na sauti ya mtu wa kawaida?"

"Naenda kwenye misumari, shangazi."

"Huendi. Nitakuajiri mimi. Nataka bango jipya la getini." Akanitazama juu mpaka chini. "Una uzoefu?"

"Shangazi!"

"Nauliza tu. Si ndivyo wanavyouliza?"

Ndivyo nilivyompata mteja wangu wa kwanza wa kweli, na sijawahi kuona mteja msumbufu kama yule.

"Niweke na mimi kwenye picha."

"Shangazi, mbuzi ndiye..."

"Kubwa kuliko mbuzi. Na uandike tunapima mimba."

"Sawa."

"Na huyo mbuzi atabasamu."

"Mbuzi hatabasamu, shangazi."

"Sasa wewe ulisomea nini?"

Kuosha nako niliosha. Nilichana ndevu, nilipiga kwato brashi, nililambwa masikio. Wateja walikuja kwa wingi, shangazi akarudiwa na rangi ya uso. Lakini kila nikipita mbele ya ule mlango wa kioo, nilivuka barabara. Kile kiti cha usanifu ndicho nilichokitaka. Mbuzi walikuwa wa shangazi.

Mwezi ukaisha.

Mama akaja, na mjomba akaja. Mjomba ameshika aproni mpya ya duka, jina langu limeshashonwa kifuani. Mama akanipimia pale pale uani, akavuta huku na huku.

"Imekukaa," akasema. Alitaka kulia, nadhani. Mimi pia.

Hapo geti likagongwa. Akaingia Bosi Fremu, na mkoba wa ngozi, na tabasamu lililojaa meno.

"Binti," akasema, "tumekusamehe."

"Mmenisamehe nini?"

"Ule uongo wako. Tumekaa kama kampuni, tumesema, huyu ni kijana wetu, ana kipaji. Omba radhi tu hapa mbele ya wazazi, utie sahihi, uwe mwajiriwa wetu. Mkataba tutauandika tarehe za mwezi uliopita."

"Kwa nini mwezi uliopita?"

"Utaratibu wa ofisi."

Mama alishapiga vigelegele. Mbuzi wawili wakamwitikia.

"Omba radhi, mwanangu!" akaninong'oneza huku ananifinya. "Neno moja tu, halikuvunji jino. Kazi hiyo!"

Sitawaficha. Nilifungua mdomo. Niliuona ule mlango wa kioo, niliiona ile meza, kompyuta kubwa, kiti kinachozunguka. Na aproni ilikuwa bado inanigusa shingo.

"Mimi naom..."

"Subiri," akasema shangazi. "Usisukume bado."

Akamgeukia Bosi Fremu. "Baba, huo mkataba uko wapi? Utoe tuusome. Kwetu hatupokei kitu kabla hatujakipapasa."

Bosi akafungua mkoba. Akauvuta mkataba, na karatasi nyingine ngumu ikaandamana nao, ikaanguka miguuni kwa mama.

Mama akaiokota.

Ilikuwa barua ya kampuni yake kwenda kwa kamati ya maonyesho ya mifugo, kuomba kazi ya kutengeneza mabango yote ya maonyesho. Na ukurasa wa mbele, kubwa, yenye rangi zake zote, ilikuwa picha ya beberu wangu. Pembeni nembo ya kampuni. Chini: "Moja ya kazi zetu."

Sikuhitaji kuelezwa. Bango langu lilishafika kwa kila mfugaji, kamati imelipenda, inamtaka aliyelifanya. Huyu bwana amejitokeza akasema ni sisi. Sasa alitaka niwe mwajiriwa wake tangu mwezi uliopita, ili uongo wake upate cheti cha kuzaliwa.

"Hiyo ni kazi yangu," nikasema.

"Ni ya ofisi," akajibu, tabasamu limeanza kukauka. "Wewe uliileta ikiwa wazo tu. Wasanifu wetu wamemchora huyu mbuzi upya, kuanzia unywele wa kwanza."

Mama hakuwa anasikiliza. Kwenye simu yake beberu alikuwa ukubwa wa kucha; hapa alijaa ukurasa. Aliishika ile karatasi mbali na macho, kama anavyosoma, akainamisha kichwa.

"Hizi ndevu," akasema, "nazijua."

Jamani.

Hapa kuna jambo ambalo sikumwambia mtu, na nyinyi pia nimewabania. Nilipokuwa natengeneza lile bango, nilikosa picha ya mbuzi mwenye ndevu za maana. Kila niliyempata, ndevu zake zilikuwa kama brashi ya choo. Mimi ni msanifu. Nikafanya tunachofanya wasanifu: nikatafuta ndevu nzuri mahali pengine, nikazikata kwa uangalifu, nikazipandikiza. Nilizitoa kwenye picha ya harusi ya dada yangu, mstari wa mbele, mtu wa pili kutoka kushoto.

"Hizi mvi za upande mmoja," mama akaendelea, kidole juu ya karatasi, "ni za marehemu baba yetu. Wanazo wanaume wa kwetu tu."

Taratibu, bila kuambizana, sote tukamgeukia mjomba.

Mjomba alikuwa ameshika kidevu.

"Ulisema wasanifu wako wamezichora kuanzia unywele wa kwanza?" shangazi akamuuliza Bosi Fremu kwa upole wa kutisha. "Basi lazima unamfahamu mwenye nazo. Ni huyu shemeji yangu. Msalimie."

Bosi Fremu akamtazama mjomba. Akamtazama mbuzi wa kwenye karatasi. Akamtazama mjomba tena. Akavua miwani, akatoa kitambaa, akaanza kufuta vioo visivyokuwepo.

Shangazi alishachukua simu. Namba ya kamati ilikuwa pale pale kwenye barua.

"Haloo! Hapa ni saluni ya mbuzi... Ndiyo, ipo. Ipo kabisa. Nasikia mnamtafuta aliyetengeneza lile bango... Hapana, huyo mwongo, yuko hapa anafuta hewa. Aliyelitengeneza ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Ninamjua! Nilimpokea kwa mikono yangu hii, alikuja analia na mpaka leo hajanyamaza. Haya, ongea naye."

Nikapewa simu. Nikaongea.

Nilipomaliza, Bosi Fremu hakuwepo, geti liko wazi, na mimi nilikuwa nimepata mabango yote ya maonyesho ya mifugo, kwa jina langu, si la mtu mwingine.

Mama akaikunja aproni.

Mngedhani hadithi imeishia hapo kwa furaha. Wapi! Mjomba alikuwa bado ameshika kidevu, na usoni mwake kuna kitu kinapambazuka. Ni yeye mwenyewe aliyelisambaza lile bango. Kwa kila mteja wake. Na kaulimbiu yake. Na "muungeni mkono" juu.

"Kumbe," akasema polepole, "ndiyo maana wakija dukani wananiita..."

"Wanakuita nani, kaka?" mama akauliza.

Mjomba akachukua kofia yake, akaondoka akiambaa ukuta.

Sasa kundi la familia linawaka moto. Mjomba anasema nimemdhalilisha, na anataka radhi. Mama anasema mkubwa ni mkubwa. Mke wa mjomba ameandika kwamba mumewe anataka kunyoa, na nikubali kwamba damu ya zile ndevu itakuwa juu yangu. Hata Bosi Fremu amenitumia ujumbe, eti nimemharibia jina, nirekebishe.

Nyinyi mliohitimu mkakaa vibarazani mkisubiri uzoefu uwapigie simu, shikeni hili: uzoefu hauna namba yenu. Buni mteja. Mpe jina, mpe geti, mchoree ndevu za kuheshimika. Akija kweli, mwoshe. Na mkiwa na shangazi, mwambieni mapema kabla hajapigiwa.

Kuhusu radhi: Bosi, mimi sikudanganya. Niliwahi tu, ukweli ukachelewa njiani.

Na wewe mjomba, nakupenda, shikamoo yako iko pale pale. Lakini nilitafuta mbuzi wote wa dunia, na hakuna hata mmoja aliyekufikia. Huo si utovu wa adabu. Huo ni utaalamu.

Siombi radhi. Nitoeni kwenye kundi mkitaka.

Siombi.